Kituo cha Kuchunguza Maradhi ya Mifupa Kianzie Wapi?

Msafiri atokaye Arusha kuelekea Moshi, akiisha kupita Usa River, hufika katika mji mdogo uitwao Maji ya Chai. Mji huo umepata jina lake kwa mto uteremkao kutoka Mlima Meru, ambao maji yake ni ya rangi ya hudhurungi mithili ya chai isiyotiwa maziwa. Mgeni ayatazamaye maji hayo huyatilia shaka kwa ajili ya rangi yake, na hapo hukosea. Kitu kinachodhuru katika maji ya miteremko ile hakina rangi wala harufu, na yapo maji mengine ya jirani, maangavu kama kioo, yenye dhara ile ile. Dalili zake huonekana kwa watu: meno yenye madoa ya kahawia kwa vijana, matege kwa baadhi ya watoto, na kwa baadhi ya wazee migongo iliyokakamaa hata mtu hawezi tena kuinama na kuokota jembe lake.

Kitu hicho ni floraidi, na maradhi yatokanayo na kuzidi kwake mwilini huitwa florosisi. Ni maradhi ya mifupa na viungo kwa maana kamili ya maneno hayo, ijapokuwa chanzo chake kimo ardhini. Kwa hiyo yanafaa sana kuwa mfano kila inapojadiliwa haja ya kujenga kituo cha kuchunguza maradhi ya mifupa na viungo katika nchi zetu. Katika mijadala ya namna hiyo mawazo ya wengi hukimbilia jengo: litakuwa na ghorofa ngapi, litafunguliwa na nani, litapewa mitambo gani. Huko ni kuanzia mkiani. Mitambo hununuliwa ili kujibu swali, na swali hutokana na maradhi ya mahali penyewe.

MFUPA ULIO HAI

Mtu aliyezoea kuuona mfupa buchani au sahanini hudhani kwamba ni kitu kikavu kama jiwe. Mfupa ulio ndani ya mwili sivyo ulivyo. Una mishipa ya damu na neva, na maisha yake yote hubomolewa na kujengwa upya. Zipo seli, yaani chembe hai, ambazo kazi yake ni kuyeyusha mfupa uliochakaa na kuacha vishimo. Zipo na nyingine zinazofuata nyuma na kuvijaza vishimo hivyo kwa mfupa mpya. Kwa mtoto wajenzi huwashinda wabomoaji, ndiyo maana anakua. Kwa mtu mzima pande mbili hukaribia kulingana. Uzeeni, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi, wabomoaji hutangulia.

Vifaa vya ujenzi huo ni vya aina mbili. Kwanza kuna nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo huuwezesha mfupa kupinda kidogo bila ya kuvunjika. Pili kuna chumvi za kalsiamu na fosfati, zilizojipanga katika fuwele ndogo mno, ambazo huupa mfupa ugumu wake. Fundi wa zege atalielewa jambo hili upesi: nyuzinyuzi ni nondo, na fuwele ni saruji na kokoto. Zege lisilo na nondo huweza kubeba mzigo mzito, lakini hupasuka likipindwa.

Ndani ya kila fuwele mna nafasi ambazo kwa kawaida hukaliwa na kikundi cha oksijeni na haidrojeni. Floraidi hukaribiana sana na kikundi hicho kwa ukubwa na kwa chaji ya umeme, hivyo huweza kukisukuma na kukaa mahali pake. Ikiisha kukaa haitoki kwa urahisi, kwa kuwa fuwele yenye floraidi ni imara zaidi na huyeyuka kwa shida. Ndiyo sababu kiasi cha asilimia 99 ya floraidi yote iliyomo mwilini imo katika mifupa na meno. Sehemu ya ile inayoingia kila siku huchujwa na figo na kutoka kwa mkojo. Lakini mtoto, ambaye mifupa yake ingali inajengwa, hubakisha sehemu kubwa zaidi kuliko mtu mzima.

Kiasi kidogo cha floraidi huyafaa meno, kwa kuwa huyakinga na kuoza. Kikizidi wakati jino linapoumbwa, yaani katika miaka ya kwanza minane hivi ya maisha, jino hutoka na madoa ambayo hayatafutika tena hata mtu akihamia nchi yenye maji mema. Kwa hiyo meno ni daftari la utoto, lililofungwa mapema. Daftari la mifupa halifungwi. Kila mwaka wa kunywa maji yale huandikwa humo, na baada ya miaka mingi mfupa huwa mnene kupita kiasi. Katika picha ya eksirei uti wa mgongo na nyonga huonekana vyeupe kama chokaa. Kano zinazofunga viungo huanza nazo kugeuka mfupa, na utando ulio kati ya mifupa miwili ya kigasha huota miiba, dalili ambayo madaktari wa eksirei huitegemea sana. Pingili hushikana. Mfupa ulioota ndani ya uti huweza kuzibana neva zipitazo humo, hata mtu akapooza miguu.

Hapo huzuka swali ambalo kwa mtu wa kawaida lina jibu rahisi, nalo si rahisi hata kidogo: je, mfupa mnene ndio mfupa wenye nguvu? Kwa muda mrefu baadhi ya madaktari walitumaini kwamba floraidi ingekuwa dawa ya wazee ambao mifupa yao imepungua. Tumaini hilo lilipimwa katika Kliniki ya Mayo huko Marekani, na matokeo yakatangazwa mwaka 1990. Wanawake 202 waliokoma hedhi, ambao walikwisha kuvunjika pingili, walifuatiliwa kwa miaka 4. Wote walipewa kalsiamu; baadhi yao wakaongezewa miligramu 75 za floraidi ya sodiamu kila siku, na wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Kwa waliopewa floraidi unene wa mfupa wa kiunoni uliongezeka kwa asilimia 35. Lakini kuvunjika kwa pingili hakukupungua kwa kiasi cha kutegemewa, na kuvunjika kwa mifupa mingine kuliongezeka. Saruji ilikuwa imeongezwa, nondo zilikuwa zile zile.

Mtu anayepanga kituo cha utafiti angefanya vyema kulikumbuka jambo hilo kabla hajatia sahihi hati ya kuagiza mashine ya kupima unene wa mifupa. Mashine hiyo ni nzuri, na mahali pengine ni ya lazima. Lakini kwa wagonjwa wa Meru, ikiwa peke yake, ingetoa habari njema juu ya mifupa mibovu.

MAJI YA VOLKENO

Meru ni volkeno, na miamba yake, kama ile ya volkeno nyingi za Bonde la Ufa, ina sodiamu nyingi na floraidi nyingi. Maji ya mvua yapitayo katika majivu na miamba hiyo huiyeyusha floraidi na kuichukua. Katika nchi nyingi kalsiamu iliyomo majini huikamata floraidi na kuizamisha, ikawa madini yasiyodhuru mtu. Maji ya Meru yana kalsiamu chache, kwa hiyo floraidi huendelea kuelea huru. Kuchimba kisima kirefu zaidi si dawa ya hakika, kwa maana maji yaliyokaa chini muda mrefu yamepata muda mrefu pia wa kuyeyusha mwamba.

Mwaka 1984 Nanyaro, Aswathanarayana na wenzao walichapisha vipimo vya maji ya eneo hilo. Katika mito walipata miligramu 12 hadi 76 za floraidi kwa lita moja. Katika chemchemi, 15 hadi 63. Na katika maziwa ya magadi kiwango kilifika 690. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5. Tanzania ilikuwa imeweka kikomo cha muda cha miligramu 8 mwaka 1974. Kikomo hicho hakikutokana na kutojua hatari, bali kingewekwa cha chini zaidi vijiji vingi vingebaki bila ya maji halali ya kunywa. Baadaye kilishushwa hadi 4, na katika miaka ya karibuni hadi 1.5. Kushusha tarakimu katika karatasi, bila shaka, hakushushi floraidi mtoni.

Wala maji siyo njia pekee. Katika sehemu za kaskazini magadi hutumiwa jikoni kulainisha maharage na mahindi, na magadi mengi huwa na floraidi. Kwa sababu hiyo watafiti wamekuta watoto wenye madoa ya meno hata katika vijiji ambavyo maji yake hayana floraidi nyingi. Majani ya chai nayo huihifadhi floraidi. Jina la mji ule, ambalo lilitokana na rangi tu, limekaribia kuwa neno la kikemia.

KAZI ILIYOGAWANYIKA

Historia ya florosisi ni historia ya watu waliokuwa na nusu ya jibu. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay alifika katika mji wa Colorado Springs huko Marekani, akakuta wenyeji wengi wana meno yenye madoa. Alishuku maji, naye alishuku kweli. Lakini hakuwa na chombo cha kumwonyesha kilichomo majini. Jibu lilipatikana mwaka 1931, baada ya miaka 30, wakati mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya kutengeneza aluminiamu alipoyapima maji kwa mitambo iliyonunuliwa kwa shughuli nyingine kabisa. Daktari alikuwa na wagonjwa bila ya maabara. Mkemia alikuwa na maabara bila ya wagonjwa. Mwaka 1937 Shortt na wenzake huko India kusini walieleza jinsi maji hayo yanavyolemaza mifupa, na mnamo miaka ya 1970 watafiti wa nchi hiyo walieleza matege ya vijana wa wilaya ya Nalgonda. Kwetu, habari za florosisi katika kaskazini ya Tanganyika zilichapishwa na Grech na Latham mwaka 1964.

Mwaka 1987 palianzishwa kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi majini huko Ngurdoto, katika miteremko ile ile ya Meru, chini ya wizara ya maji. Mwaka 1995 kituo hicho kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa kimataifa wa aina yake juu ya florosisi na kuondoa floraidi majini. Huo ni ushahidi wa kutosha kwamba kituo kidogo kilichojengwa penye tatizo huweza kuwavuta wataalamu wa dunia nzima wakija kujifunza.

Njia mbili zilizojaribiwa huko zastahili kuelezwa. Ya kwanza ilitoka India, nayo imepewa jina la Nalgonda. Shabu na chokaa hutiwa katika ndoo ya maji, hukorogwa, kisha maji huachwa yatulie. Shabu hufanya mabonge mepesi yanayoikamata floraidi na kushuka nayo chini, na maji ya juu huchujwa na kuwekwa katika ndoo ya pili. Vifaa ni rahisi, lakini kazi ni ya kila siku, tope linalobaki ni jingi, na pale ambapo floraidi imezidi sana njia hiyo haiishushi ya kutosha.

Njia ya pili ni ya mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni huchomwa ndani ya tanuru lenye hewa chache, kwa joto la digrii 400 hadi 500 hivi za Sentigredi, kisha husagwa na kujazwa katika ndoo au pipa ambamo maji hupitishwa polepole. Joto likipungua, mafuta na nyama vilivyosalia huyapa maji harufu mbaya, na hakuna mama wa nyumba atakayekubali kuyatia mezani. Joto likizidi, mfupa hugeuka mweupe na kupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ya kuvuta floraidi. Mchomaji hodari huujua mkaa wake kwa rangi.

Kinachofanyika ndani ya ndoo hiyo ni kile kile kinachofanyika ndani ya mgongo wa mzee wa Maji ya Chai. Fuwele za mfupa wa ng'ombe huipokea floraidi na kuishika, kama ambavyo zingefanya fuwele za mfupa wa mtoto. Mfupa mmoja unaugua badala ya mwingine. Na kama ulivyo mfupa wa mtu, mkaa nao hujaa. Ukiisha kujaa, maji hutoka na floraidi yake yote, maangavu na matamu vile vile, na mwenye nyumba hana njia ya kujua. Kasoro hiyo ndogo ndiyo iliyoharibu machujio mengi mazuri. Mtu huendelea kuyaamini maji yake miezi mingi baada ya chujio kufa.

Basi maji hushughulikiwa chini ya wizara moja, na mifupa chini ya nyingine. Mkemia wa maji hupima ndoo inayotoka katika chujio. Daktari hupima mguu wa mtoto. Kutokana na mgawanyo huo swali kubwa kuliko yote huweza kukosa mwenyewe: mtoto aliyepewa chujio akiwa na umri wa miaka 2 atakuwa na mifupa ya namna gani akifika miaka 20? Swali hilo halijibiwi na mkemia peke yake wala na daktari peke yake. Kulijibu ndiyo kazi ya kituo cha mifupa.

MIFANO MIWILI

Ulaya inatoa mfano wa manufaa ya kuwaweka wachunguzi jirani na wagonjwa. Mwaka 1965 ilianzishwa London Taasisi ya Kennedy, kwa fedha za wakfu wa familia moja, ili kuchunguza baridi yabisi na maradhi yanayofanana nayo. Kwa miaka mingi haikutoa jambo la kutangazwa magazetini. Faida yake ilikuwa kwamba utando uliotolewa katika goti la mgonjwa wakati wa upasuaji uliweza kufika maabara ungali hai. Kwa kuzilea seli hizo, Fionula Brennan, Ravinder Maini, Marc Feldmann na wenzao waligundua kwamba protini moja, iitwayo TNF, huwa kama kiongozi wa kundi: ikizuiwa, protini nyingine zinazowasha kiungo hupungua nazo. Walichapisha jambo hilo mwaka 1989. Mwaka 1992 wagonjwa wa kwanza walipewa kingamwili ya kuizuia. Mwaka 1994 majaribio ya wagonjwa 73 katika hospitali 4 za Ulaya yalionyesha kwamba, baada ya majuma 4, asilimia 79 ya waliopewa kipimo kikubwa walipata nafuu, na asilimia 8 tu ya waliopewa maji yasiyo na dawa.

Ni ushindi mkubwa, uliochukua zaidi ya robo ya karne. Lakini jibu la London haliwezi kuchukuliwa zima zima na kupandwa Afrika Mashariki. Protini ile ile inayowasha goti husaidia pia kuwafungia bakteria wa kifua kikuu ndani ya vijumba vyao mapafuni. Taarifa iliyochapishwa Marekani mwaka 2001 ilihesabu wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kutumia dawa hiyo. Katika nchi ambamo watu wengi wanao bakteria hao wakiwa wamelala mwilini, na ambamo kifua kikuu chenyewe hushambulia pingili na kuleta kibiongo, daktari hana budi kupima kwanza kifua, kisha goti.

Mfano wa pili u karibu zaidi. Jengo la utafiti la Entebbe lilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano. Mwaka 1952 katika Uwanda wa Makonde, pande za Newala, ulizuka ugonjwa wa homa ulioumiza viungo vya watu hata wakashindwa kunyooka. Wenyeji waliuita chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja. Daktari Marion Robinson aliueleza ugonjwa huo kwa makini, damu ya wagonjwa ikapelekwa Entebbe, na huko R. W. Ross akakitenga kirusi chake. Mwaka 1959 ulizuka Uganda ugonjwa wa jamaa moja na huo, ukapewa jina la Kiacholi, onyong-nyong, linalohusu kudhoofika kwa viungo. Inakadiriwa kwamba uliwapata watu milioni 2 katika miaka michache. Magonjwa yote mawili ya viungo yalitambuliwa na kituo ambacho hakikujengwa kwa ajili ya viungo, kwa sababu kilikuwa kimezoea kupokea damu kutoka vijijini na kuihifadhi. Majina yenyewe yalitolewa na wagonjwa, na sayansi ya dunia ikayachukua kama yalivyo.

KITUO KIWE NA NINI

Kitu cha kwanza cha kununuliwa kwa ajili ya kituo cha Meru ni daftari. Watoto wazaliwao katika vijiji vilivyochaguliwa waandikwe. Maji ya kila nyumba yapimwe. Iulizwe kama magadi hutiwa chunguni, na kama mtoto hupata maziwa, kwa kuwa lishe yenye kalsiamu chache huzidisha madhara ya floraidi. Kisha wafuatwe kwa miaka 20. Daftari ni kifaa cha bei nafuu, lakini mwandikaji wake atadai mshahara kwa miaka yote hiyo, na hapo ndipo mipango mingi huvunjika. Wafadhili hupenda miradi ya miaka mitatu. Mfupa hauna haraka hiyo.

Kitu cha pili ni elektrodi ya floraidi, ambayo ilitangazwa mwaka 1966 na Frant na Ross wa Marekani. Ni chombo cha kushikwa mkononi, chenye fuwele inayoitambua floraidi peke yake kati ya chumvi nyingine. Hupima maji, mkojo, na hata majivu ya mfupa. Mkojo ni wa maana hasa, kwa sababu huonyesha floraidi iliyoingia kwa njia zote, ikiwamo ile ya magadi ambayo mwenye nyumba hakuitaja.

Eksirei ni ya lazima, lakini kwa kiasi. Si haki kumpiga miali mtoto mzima wa afya kila mwaka ili kuridhisha udadisi wa mtafiti. Itumike kwa wenye dalili, pamoja na vipimo vya damu na figo, maana si kila tege ni la floraidi. Upungufu wa vitamini D au wa kalsiamu nao hupinda miguu, na tiba zake ni mbali mbali.

Jambo la hospitali ni jepesi zaidi kuliko linavyodhaniwa. Moshi si mbali, na hospitali ya KCMC iliyofunguliwa huko mwaka 1971 ina madaktari wa mifupa. Tangu mwaka 1981 hapo hapo wamekuwa wakifunzwa mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kunyooshea miguu. Mguu uliopinda sana hunyooshwa kwa upasuaji, na mara nyingine daktari hukata kipande cha mfupa chenye umbo la kabari. Kipande hicho, ambacho vinginevyo kingetupwa, kwa idhini ya wazazi chaweza kufika maabara siku hiyo hiyo: kipimwe floraidi yake, kikatwe vipande vyembamba na kutazamwa kwa hadubini, kijaribiwe huvunjika kwa uzito gani. London ilianza kwa utando wa goti. Meru yaweza kuanza kwa kabari hiyo.

Kuhusu haki ya wanakijiji, hapana budi kusemwa wazi. Kanuni za utafiti hupenda kulinganisha vikundi viwili, mmoja unaopata kinga na mwingine usiopata. Katika jambo hili haiwezekani kumwacha mtoto anywe miligramu 20 kwa lita ili awe kipimo cha mwenzake. Kikundi cha kulinganisha kitafutwe miongoni mwa waliokua kabla ya machujio kuwapo, yaani kaka na dada zao wakubwa, ambao meno yao yamekwisha kuandika waliyokunywa. Na kila familia iambiwe tarakimu ya maji yake siku yanapopimwa, hata kama mtafiti angependelea kungoja. Kumwambia mtu kwamba maji yake yana sumu ilhali hana maji mengine ni ukatili. Kwa hiyo mpimaji na chujio lazima wafike pamoja, na mkaa ubadilishwe kwa tarehe iliyopangwa na kupimwa, si kwa kukisia.

Kituo kikiisha kusimama kwa kazi hiyo moja, milango yake itabishwa na maradhi mengine: nyonga zinazokufa kwa vijana wenye selimundu, kifua kikuu cha pingili, viungo vinavyouma miezi mingi baada ya chikungunya. Vyote hivyo vinahitaji daftari lile lile, friji ile ile ya damu na chumba kile kile cha hadubini.

Yabaki maelezo mafupi kwa mchoraji wa ramani ya jengo. Likijengwa katika miteremko hiyo, bomba lake litaleta maji yale yale yanayochunguzwa. Apange mahali pa tanuru upande ambao upepo hauelekei vijijini, kwa sababu ya moshi wa mifupa. Na katika jiko la wafanyakazi aache nafasi ya pipa la mkaa wa mifupa, lenye kibao cha tarehe ya kubadilishwa, ambalo maji yake yatapimwa kwa elektrodi kila Jumatatu kabla ya chai ya saa nne.